Kiuno cha Shangazi Verlene

Mason, Texas
4 Desemba 1997

Mpwa wangu Twyla,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba barabara za huko Wyoming hazijafungwa na theluji. Sisi huku hatujambo. Mvua ilinyesha juma lililopita, ya kulaza vumbi tu, na lambo la juu bado lina matope mengi kuliko maji. Ng'ombe wangu wote arobaini na mmoja wapo. Mwanangu Garland na mkewe walikuja na watoto kwa Sikukuu ya Shukrani, tukala bata mzinga. Kale kajukuu kangu kadogo, Shelby, sasa kanatambaa hata huwezi kukafuata kwa macho. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio.

Sasa nije kwenye shida yangu. Nataka unishonee ala ya bastola. Sitaki ya kuning'inia nje ya mkanda kama ya polisi, kwa sababu ya nje hunaswa na seng'enge, hunaswa na kiti cha trekta, hunaswa na kila geti ninalofungua. Nataka ya kuvaa ndani ya suruali, kati ya suruali na mwili wangu. Bastola ni ile ndogo ya risasi tano aliyoniachia marehemu mume wangu Wendell. Unajua sipandi lambo la juu bila hiyo. Nyoka wa kayamba, wale wa mkia unaolia, wamekwisha kuniulia mbwa wawili, gari halipiti kwenye yale mawe, na jirani wa karibu yuko maili sita.

Nimekwisha kununua ala nane. Zimo kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, na usinicheke, kila mtu wa huku anayevaa bastola ana boksi kama hilo na hamwonyeshi mgeni. Moja ni ya nailoni, legevu kama soksi. Moja ni ya plastiki, ilinichora alama nyekundu nikadhani nimeungua. Moja ni ya ngozi laini ya ng'ombe; ukishachomoa bastola mdomo wake unajifunga, na ukitaka kuirudisha lazima upanue kwa mkono wa pili, na hivyo ndivyo watu wanavyojipiga risasi matakoni.

Garland anasema mwanamke wa miaka sitini na minane, peke yake porini, na bastola isiyotulia kiunoni, ni msiba unaosubiri siku. Tumepeana mkono juu ya jambo hili. Siku ya kupiga ndama chapa, Jumamosi tarehe 25 Aprili, nitaivaa tangu kahawa ya alfajiri mpaka sahani ya mwisho ikaushwe. Isianguke, na nisiivue kuitundika kwenye nguzo. Nikiweza, ataniacha na maisha yangu. Nikishindwa, ng'ombe wanaenda mnadani na mimi naenda San Angelo, kwenye chumba chake cha nyuma chenye zulia la rangi ya uji. Usiniulize ilikuwaje nikakubali.

Kiuno changu ni inchi thelathini na mbili.

Shangazi yako,
Verlene


Sheridan, Wyoming
20 Desemba 1997

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Mimi mzima. Theluji imefika kwenye kizingiti cha karakana na paka hataki tena kutoka nje, ameamua kuwa fundi. Nina matandiko mawili ya farasi ya kumaliza kabla ya Februari. Mwezi ujao Baba atatimiza miaka miwili tangu atutoke. Vigezo vyake vyote vya kukatia ngozi bado vinaning'inia kwenye misumari yake, kila kimoja na jina lake kwa penseli, na kazi zote nazikatia hapo.

Kuhusu ala, nitakushonea. Nitatumia ngozi ya farasi: ni nyembamba, ni ngumu, na haisharabu jasho ovyo. Mdomoni nitaweka ukanda wa pili wa ngozi ili ubaki wazi hata bastola ikiwa nje. Kifyatulio kitafunikwa chote, kidole kisikifikie mpaka bastola iwe imechomolewa.

Ngozi hulowanishwa ikafinyangwa juu ya bastola yenyewe, na bastola huwezi kunitumia kwa posta. Nichongee mfano wake kwa mti, sawasawa, hata ule uvimbe wa silinda.

Mambo mawili, Shangazi. Hiyo thelathini na mbili umeipima kwa tepu au umeisoma kwenye lebo ya suruali? Na umenikataza kuuliza ilikuwaje ukakubali, lakini nauliza. Wewe hukukubaliana hata na mchungaji aliyewafungisha ndoa.

Wako,
Twyla


Mason
11 Januari 1998

Mpwa wangu,

Heri ya mwaka mpya. Tumepata barafu siku mbili, nikavunja maji ya ng'ombe kwa shoka kama kijana. Jike mmoja amezaa mapema, dume, mweusi, amesimama baada ya robo saa. Nimetuma hela kidogo kanisani kwa jina la baba yako, kwa sababu mwezi ndio huu.

Bastola ya mti hiyo hapo, ni ya mwerezi. Nimeichonga mezani jikoni kwa majuma mawili, na iko sawa kabisa na mwenziwe. Nilipima moja juu ya nyingine mpaka macho yakaniuma.

Nimekwisha kukuambia, thelathini na mbili. Ndicho kiuno nilichoolewa nacho, na hakuna aliyekuja kuniarifu kwamba kimebadilika.

Swali lako la pili sijaliona, nadhani wino ulimwagikia hapo.

Shangazi yako


Sheridan
8 Februari 1998

Shangazi,

Hatujambo, na baridi ni ile ile. Ala iko ndani ya kifurushi. Nimeikata kwa kigezo cha Baba, kile alichokitumia kuwashonea mapolisi wa huku ala miaka thelathini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuirudisha. Ivae upande wa kulia, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Utanipa habari.

Twyla


Mason
19 Februari 1998

Mpwa wangu,

Nakusalimu. Ndama ni kumi na tisa. Mvua hakuna.

Ala yako ni nzuri kutazama. Mshono umenyooka, ngozi inang'aa, Leroy Ottmers jirani yangu aliishika akapiga mluzi. Nimeivaa. Nilidumu dakika arobaini. Nikisimama, kitako cha bastola kinanichoma ubavuni kama kiwiko cha mtu mwenye haraka. Nikikaa kwenye trekta, mtutu unanisukuma nyongani. Nikiinama, suruali inanibana mpaka naona nyota. Dakika ya arobaini niliivua nikaitundika kwenye nguzo, yaani kosa lile lile nililoahidi kutolifanya, na nikaenda mpaka lambo la juu bila bastola, natazama kila jiwe.

Sasa nikuambie ukweli kwa kuwa baba yako alikuwa kaka yangu na nilimjua kabla yako. Hoyt alikuwa fundi kuliko wote niliowaona. Lakini aliwashonea wanaume, na mwanaume kuanzia kwapani mpaka gotini amenyooka kama mlango. Mimi nina nyonga. Umenitumia ala ya Hoyt, Twyla, nami nilimwomba binti yake.

Zimebaki wiki tisa. Garland amekwisha kunitumia picha ya kile chumba. Wamepaka rangi.

Verlene


Sheridan
22 Machi 1998

Shangazi,

Natumaini hujambo, wewe na ndama. Samahani kwa kukaa kimya mwezi mzima. Sikuwa mgonjwa. Nilikasirika. Barua yako niliisoma mara moja nikaitia kwenye droo ya misumari, na kwa siku kumi sikutaka kuifungua hiyo droo, hata misumari nikawa naazima kwa jirani.

Halafu nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Nikakata ala nyingine kwa kigezo kile kile, nikatia bastola yako ya mti, nikaivaa mimi mwenyewe, nikafanya kazi. Nilidumu dakika hamsini. Nimekushinda kwa dakika kumi, basi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nina nyonga na mimi, na miaka yote hii nimewashonea wanawake wa hapa ala za polisi wa kiume, wananishukuru kwa adabu, kisha sijui zinaishia kwenye boksi gani chini ya kitanda gani.

Kosa nimeliona. Kwa mwanamke, nyonga inausukuma mtutu nje, na mtutu ukienda nje kitako kinalala ubavuni. Na kiuno chetu kiko juu, kwa hiyo bastola inayomkaa mwanaume mkandani kwetu inafika mbavuni. Inatakiwa ikae chini zaidi, iinamie mbele, na chini ya mtutu, upande wa mwilini, kuwe na kijimto kidogo cha ngozi kinachosukuma kitako kirudi mwilini. Haya yote hayamo kwenye msumari wowote wa Baba. Tangu afe sijakata kigezo hata kimoja changu mwenyewe. Watu wanadhani ni heshima. Ni woga, Shangazi, nilikuwa naogopa nikikata changu kitakuwa kibovu na kila mtu ataona.

Mimi nimesema yangu. Sasa zamu yako. Mficha maradhi kifo humuumbua. Garland aliniandikia kwenye kadi ya Krismasi. Najua habari ya oveni, na najua Shelby alikuwa wapi. Nimesubiri miezi mitatu uniambie wewe.

Chukua tepu. Pima umesimama, pima umekaa, halafu tia bastola ndani ya suruali, iwe tupu, uihakikishe mara mbili, upime tena juu yake. Lebo usiniandikie. Lebo ni ya mwenye duka.

Twyla


Mason
28 Machi 1998

Twyla,

Wote wazima.

Niliinama kutoa bata mzinga kwenye oveni. Ile ala ya nailoni ikaachia. Bastola ikagonga mlango wa oveni, ikateleza sakafuni, ikasimama hatua moja kutoka kwenye mkono wa Shelby. Haikulia. Niliikanyaga kwa mguu nikabaki nimesimama pale na sinia la moto mikononi, siwezi kuweka chini wala kusogea, mpaka Garland akaja akamnyanyua mtoto. Hakunifokea. Angenifokea ningemjibu. Alisema tu, "Mama, hii haiwezi kuendelea," nami nikampa mkono kwa sababu alikuwa na haki. Naiona ile sakafu kila siku ninapopika.

Nimesimama, thelathini na nane. Nimekaa, thelathini na tisa na nusu. Na bastola ndani, arobaini kamili.

Nimeandika. Barua hii uichome.

Verlene


Sheridan
14 Aprili 1998

Shangazi yangu mpendwa,

Theluji inayeyuka, mfereji unanguruma nyuma ya karakana, na paka amerudi kuwa paka. Barua yako nimeichoma kwenye jiko, na majivu nikayatupa. Namba nimebaki nazo kichwani tu, na humo hazitoki.

Fungua kifurushi taratibu. Ndani kuna ala na mkanda. Vigezo vya Baba niliviacha vyote kwenye misumari, nikatandika karatasi ya mfuko wa sukari mezani nikakata changu. Cha kwanza kilikuwa kibovu. Cha pili kibovu zaidi. Cha tano ndicho kilichotoa ala hiyo. Nimeivaa siku tatu na bastola yako ya mti, nimebeba magogo, nimetambaa chini ya gari, nimekaa kanisani kwenye benchi la mbao mahubiri yote mawili, na jana jioni nilikwenda kuoga nikashangaa kuikuta bado iko kiunoni.

Kwa hiyo nisikilize. Kwanza nenda kanunue suruali za arobaini. Najua unavyoniangalia sasa hivi. Zile ala nane si zote zilikuwa mbaya. Ulikuwa unajaribu kutia vitu viwili kwenye nafasi ya kimoja. Suruali ya kuvalia ala ndani lazima iache nafasi ya hiyo ala, na kama huitaki hiyo namba, kata lebo uitupe. Pili, mkanda uwe huo wa kwangu, nimeshona ngozi mbili pamoja, haupindi. Ndio unaobeba uzito, suruali haibebi kitu. Tatu, vaa na bastola tupu wiki nzima, uzidishe saa moja kila siku. Ukiirudisha, irudishe polepole huku unatazama, hakuna anayekupa tuzo kwa haraka.

Ukigeuza nyuma utaona muhuri. Miaka yote nimekuwa nikigonga muhuri wa Baba hata kwenye kazi zangu. Huu nimemchongesha fundi wa chuma wa hapa, na una jina langu. Ikianguka tarehe 25, lawama ni zangu, usimguse Hoyt.

Nitakaa siku hiyo nzima nikiwaza kiuno chako.

Twyla wako


Mason
27 Aprili 1998

Mpwa wangu, binti wa kaka yangu, fundi,

Salamu nyingi, na mtu akikuuliza shangazi yako anaendeleaje mwambie anaendelea pale pale alipokuwa, kwenye ardhi yake.

Jumamosi niliamka saa kumi na moja alfajiri. Nikavaa arobaini. Naam, nilinunua, tatu kwa mpigo, na nikamwambia muuzaji ni za mgeni. Nikavaa mkanda wako, nikatia bastola kwenye ala yako, nikaangusha shati juu yake, ndipo nikawasha jiko la kahawa. Garland alifika na mapema akanisalimu huku anatazama kiuno changu, kisha nguzo, kisha kiuno changu. Nikammiminia kahawa.

Twyla, nilifanya kazi yote. Nilipanda farasi nikateremsha ng'ombe kutoka kwenye mawe. Nilishikilia ndama miguu ya nyuma nikiwa nimekaa chini mavumbini, ndama thelathini na saba, na mmoja alinivuta kifudifudi mpaka kwenye seng'enge. Leroy alikimbilia kuniinua, nami cha kwanza nilichofanya ni kugusa kiuno, na bastola ilikuwa imelala vile vile kama mtoto aliyeshiba. Mchana niliinama kwenye oveni hiyo hiyo mara nne kutoa mikate. Mara ya kwanza nilitazama sakafu kabla ya kuinama. Mara ya nne nilikuwa nimesahau. Shelby sikumgusa kutwa. Alinifuata akivuta suruali yangu, nikamrudisha kwa mama yake kila mara, na hilo ndilo lililoniuma siku nzima, si kitu kingine.

Jioni tulipokwisha kula, Garland akasimama mezani mbele ya watu kumi na wawili na chupa yake ya bia. Akasema maneno mazuri juu ya baba yake. Halafu akasema, "Na Mama nampongeza. Leo ameiacha kabatini, mmeona wenyewe, siku imepita salama. Kwa hiyo tumeelewana."

Nikamwuliza tumeelewana nini.

"Kwamba kutwa nzima huwezi kuivaa. Si aibu, Mama. Miaka imekwenda."

"Garland," nikamwambia, "wewe ulidhani nimenenepa jana?"

Nikainua ncha ya shati. Bia ilimtoka Leroy Ottmers puani. Mkewe alipiga meza kwa mikono miwili. Garland alikuja akainama kama daktari, akatazama mbele, akatazama nyuma, akasoma jina lako kwenye ngozi kwa sauti. Akauliza niliivaa tangu saa ngapi. Nikamwambia tangu kahawa. Nilidhani atatafuta tundu la kutokea, maana ni mwanangu na namjua. Lakini alitazama kile kilima cha sahani kwenye sinki, akachukua kitambaa, akasema, "Basi osha, nikaushe. Mkataba ni mkataba."

Tuliosha na kukausha wote wawili, watu wamekaa wanatuhesabia sahani kama magoli ya mpira. Ya mwisho aliiweka kabatini kwa mkono wake. Akasema, "Umeshinda." Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba ng'ombe hawakumkera hata siku moja, kwamba tangu ile Sikukuu alikuwa haoni usingizi. Nikamwambia hata mimi. Nililia, na sioni haya kukuandikia, na yeye naye alikuwa na kitambaa usoni ambacho hakikuwa kinakausha kitu. Nikaenda chumbani, nikatoa risasi, nikafungia bastola kabatini kwa ufunguo, nikarudi nikambeba Shelby mpaka akalala begani.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu asubuhi hii badala ya kungoja Jumapili. Kumbe Garland, kwa jinsi alivyokuwa na uhakika, alikuwa amekwisha kukodi lori la kuwapeleka ng'ombe mnadani leo Jumatatu, na kwa furaha ya Jumamosi akasahau kulizuia. Limefika saa mbili asubuhi, refu, tupu, limezuia barabara yote. Dereva ameshuka na karatasi yake, kijana mpole kutoka Brady, akaniuliza mama, ng'ombe wa kupakia ni wapi. Mimi nilikuwa ndio natoka kupanda lambo la juu, nimevaa ala yako. Nikamwambia wako kule wanakula, na wataendelea kula. Nimempa kahawa na mikate miwili ya jana kwa usumbufu.

Anageuza lori sasa hivi. Namwona dirishani, kageuza mara tatu ndipo akaweza. Limepita getini tupu, nami nakwenda kulifunga geti mwenyewe.

Shangazi yako,
Verlene